Lugha ya Kadi Katika Makumbusho ya Kitale

Neno makumbusho hutokana na kitenzi kumbusha, nacho ni kauli ya kusababisha ya kumbuka. Kwa mujibu wa lugha yenyewe, basi, makumbusho si ghala la vitu vya kale tu. Ni mahali panapomfanya mtu akumbuke. Hapa pana utata unaofaa kutiliwa maanani. Mtu hakumbushwi jambo asilolijua. Mzee aweza kukumbushwa. Mtoto hawezi, kwa sababu bado hana la kukumbuka. Mtoto aingiapo makumbusho hana budi kuonyeshwa na kuambiwa, na wa kumwambia ni yule ambaye kitu kilichopo mbele yao kimemkumbusha. Neno hili moja limewabeba watu wawili, mzee na mtoto, na jumba lisilowapa wawili hao nafasi ya kuzungumza halijalistahili jina lake.

Makala haya yanakusudia kuyatazama Makumbusho ya Kitale jinsi mhakiki anavyoitazama kazi ya fasihi: kwa kuuliza inasema nini, inasemaje, na inasema na nani. Hadhira itakayozingatiwa si mtafiti wala mtalii. Ni familia ya kawaida ya Matulo, karibu na Webuye, iliyopanda matatu siku ya mapumziko ikapita Misikhu, Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale: mama, watoto watatu wa shule ya msingi, na bibi yao, ambaye watoto humwita kukhu. Hadhira hiyo ndiyo kipimo kigumu kuliko vyote, maana ndani yake mna vizazi vitatu na viwango vitatu vya kusoma.

Chanzo cha makumbusho haya kwafahamika. Hugh Stoneham, mwanajeshi wa Kiingereza aliyefanya makao yake katika nchi ya Kitale, alikuwa amependa kukusanya wadudu na ndege tangu utotoni. Inasemekana alianza mwaka 1894, akiwa na umri wa miaka mitano. Mwaka 1926 alianzisha makumbusho yake ya binafsi, na alipofariki mwaka 1966 mkusanyo huo wa vipepeo, ndege, vitabu na vyombo vya wenyeji ukawa mali ya taifa kwa wosia wake. Jumba jipya lilijengwa Kitale, likafunguliwa Desemba 1974 kwa jina la Makumbusho ya Taifa ya Kenya Magharibi, la kwanza la namna yake kujengwa barani, mbali na pwani na mbali na Nairobi. Kwa hiyo makumbusho haya yalizaliwa na udadisi wa mtoto. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba mtoto wa leo anapoingia humo hukuta maandishi yaliyotungwa kana kwamba hatakuja.

Lakini haki itendeke kwanza kwa upande wa nje, kwa kuwa huko ndiko kazi hii ilikofaulu. Nje ya jumba mna nyoka, mamba na kobe. Mna njia ya miguu inayoingia katika kipande cha msitu wa asili, ambamo miti mirefu hukutia kivuli na mara chache mbega huonekana akiruka juu. Mna pia maboma yaliyojengwa kwa kufuata mila za majirani: Wabukusu, Wanandi, Wajaluo na Wasabaoti. Familia ya Matulo ikifika hapo haihitaji kadi yoyote. Mtoto huinama kuingia mlangoni, huuliza kwa nini ndani ni giza, na kukhu humjibu kwa Lubukusu bila kutafuta maneno. Anaonyesha mahali pa kulala na mahali pa moto, anasema kuku walilala wapi na mgeni aliketi wapi. Ikiwa kuna kosa katika ujenzi, atalitaja kwa sauti, na pengine kwa kicheko, na kosa hilo litawafunza watoto kuliko usahihi.

Nyumba ina sarufi yake. Katika boma la Kijaluo nyumba ya mke wa kwanza huelekea lango kuu, na nyumba nyingine hupangwa kwa kuitazama hiyo; mtoto atembeaye humo anausoma utaratibu wa familia kwa miguu yake. Fani ya namna hii haikuanzia Afrika Mashariki. Huko Stockholm bustani ya Skansen ilifunguliwa mwaka 1891 kwa kukusanya nyumba za wakulima wa Sweden mahali pamoja, na miji mingi ya kaskazini ya Ulaya ikaiga. Dar es Salaam ilipata Kijiji chake cha Makumbusho katika miaka ya 1960, na jina likaganda hata mtaa wenyewe ukaitwa Makumbusho. Tofauti ni kwamba kwa wengi wa waliotembelea Skansen nyumba zile zilikuwa tayari ni habari ya zamani. Kwa kukhu wa Matulo nyumba ya Kibukusu iliyoko Kitale ni nyumba aliyozaliwa ndani yake. Yeye si mtazamaji, ni shahidi.

Baada ya hayo familia huingia ukumbini, na mambo hubadilika.

Ndani, vitu vimo katika makabati ya vioo. Mbele ya kila kitu pana kadi, na kadi katika makumbusho ya Kenya kwa sehemu kubwa huandikwa kwa Kiingereza. Kitale haijatoka katika mkondo huo. Tazama basi kinachotokea. Chombo kilichomo kabatini ni, tuseme, lusekhe, ule mrija mrefu ambao wazee huutumia kuinywa pombe ya busaa kutoka chungu kimoja. Kukhu anaujua. Aliwaona baba zake wakikizunguka chungu, anajua nani huketi karibu na nani, na mrija wa mzee aliyefariki ulifanywa nini. Lakini watoto hawamtazami yeye tena. Wameigeukia kadi, kwa sababu shule imewafunza kwamba elimu ni ile iliyoandikwa. Wanasoma kwa sauti ya darasani sentensi ambayo wao wenyewe wanaielewa nusu, na bibi anayakinisha macho kwenye kioo bila kusema neno. Dakika moja iliyopita alikuwa mwalimu. Sasa ni mtu asiyejua kusoma. Kadi haikumtukana, imemvua cheo tu, mbele ya wajukuu, na kwa kitu kilicho chake.

Hili ndilo lawama kuu ya makala haya, na si lawama ya tafsiri peke yake. Kuna watakaosema dawa ni rahisi: kadi zitafsiriwe kwa Kiswahili. Hapana shaka zitafsiriwe. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sawa na Kiingereza, wala hakuna sababu ya kisheria inayoruhusu jumba la taifa kukiacha nje ya mlango. Hoja kwamba wageni wa nje hawakisomi haina uzito, kwani hakuna aliyeomba Kiingereza kiondolewe. Wales ni nchi ndogo, na katika makumbusho yake ya nyumba za kale huko St Fagans, yaliyofunguliwa mwaka 1948, maelezo huandikwa kwa Kiwelishi na kwa Kiingereza pamoja, na watalii hawajakoma kufika. Lakini ikiwa Kiswahili kitaingia kwa kutafsiri tu, kitaingia pamoja na maradhi ya kadi ya asili.

Mojawapo ya maradhi hayo ni njeo. Linganisha sentensi hizi mbili: "Wabukusu walitumia kengele hizi katika jando" na "Wabukusu hupiga kengele hizi katika jando". Mtafsiri asiyeangalia atachukua ya kwanza, kwa sababu lugha ya makumbusho imezoea wakati uliopita. Lakini kengele hizo ni chinyimba. Ufikapo Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, vijana wa Bungoma huzipiga barabarani wakienda kuwaalika jamaa zao, na mtoto wa Matulo amezisikia usiku akiwa kitandani. Kiambishi -li- kikiwekwa hapo kinamwambia mtoto huyo kwamba ndugu yake mkubwa ni kitu cha kale. Kiswahili kina hu- ya mazoea, silabi moja inayotosha kuwarudisha watu wote hao katika uhai. Si kila kadi inastahili hu-, lakini anayeandika kadi hana budi kuuliza kabla ya kuchagua, na swali hilo haliwezi kujibiwa maktabani.

Maradhi ya pili ni ya jina, na hapa lawama yamwangukia Mswahili mwenyewe. Litungu la Wabukusu lina nyuzi saba au nane na huchezewa mapajani au mbele ya mpigaji. Kamusi ya Kiswahili itatoa kinubi au zeze, na mwandishi mwenye haraka ataridhika. Kuliita litungu zeze ni kulifanyia Lubukusu kile hasa ambacho Kiswahili kimekuwa kikilalamika kutendewa na Kiingereza. Jina la kwanza kwenye kadi liwe la wenye kitu: litungu, siilili, lusekhe, na vivyo hivyo kwa Wapokoti, Wasabaoti na Waturukana. Kisha Kiswahili kifanye kazi yake halisi katika nchi ya Kitale, ambayo ni kumwezesha mtoto wa Kinandi kulielewa litungu na mtoto wa Kibukusu kulielewa boma la Kisabaoti. Kwa wakulima na wafanyakazi wa mashamba ya Trans Nzoia, waliotoka pande nyingi, Kiswahili kilikuwa lugha ya kuulizana habari muda mrefu kabla haijaandikwa katika katiba. Kadi yaweza kuifuata njia hiyo hiyo. Badala ya kutaja na kunyamaza, iulize: "Nyumbani kwenu chombo hiki huitwaje?" Swali hilo fupi linamrudishia kukhu kiti chake, kwa kuwa jibu analo yeye.

Tena litungu si kitu cha kutazamwa. Nyuma ya kioo ni ubao na ngozi. Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908 na kuhamia Kitante, Kampala, mwaka 1954, yalilielewa jambo hili mapema. Chini ya Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki, ala hazikuachwa bubu, bali wapigaji walizipiga humo humo ukumbini. Kampala si mbali na Bungoma, na wapigaji wa litungu hawajaisha Bungoma. Saa moja ya mpigaji siku ya Jumamosi ingeeleza zaidi ya kadi kumi, hata zikiandikwa vizuri namna gani.

Yafaa kuongeza kwamba familia ya Matulo si lazima ipande gari kwenda Kitale ili ikumbushwe. Juu ya kilima kinachoiinamia Webuye yako mabaki ya ngome ya Chetambe, ambapo mwaka 1895 Wabukusu na jirani zao walijihami dhidi ya jeshi la Waingereza wakashindwa kwa silaha kali kuliko zao. Upande wa Wateso, Kakapel, mwamba mkubwa una michoro ya kale ya rangi nyekundu na nyeupe, tabaka juu ya tabaka, kazi ya watu wa zama mbalimbali. Mahali hapa pawili pana ubora mmoja ambao jumba la Kitale halina: mtoto anasimama pale pale jambo lilipotendeka. Pana upungufu pia, kwa maana handaki lililojaa majani halijielezi, na mwamba hausemi nani alichora. Huko, tofauti na ukumbini, maneno machache yaliyoandikwa vema yangekuwa neema.

Limebaki jambo la majina ya watu. Jina la Stoneham limehifadhiwa, na ni haki yake. Alikusanya, akatunza, akawaachia wananchi. Lakini katika mila ya kadi za makumbusho mkusanyaji ndiye mwenye jina, na aliyekifanya chombo huitwa kwa kabila lake tu. Chungu husemwa ni cha Wabukusu, kana kwamba kabila zima lilikaa chini likafinyanga. Mwanamke mmoja alikifinyanga, kwa udongo aliojua unachimbwa wapi na unakanyagwa mpaka uwe laini kiasi gani. Mhakiki wa fasihi simulizi amekwisha kulipa kosa la namna hii, alipozoea kuandika "hadithi ya kabila fulani" bila kumtaja msimulizi, na siku hizi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukemewa kwa hilo. Kwa vyombo vya zamani pengine majina yamepotea kabisa. Kwa vinavyoingizwa leo hayajapotea, na wanafunzi wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopo Bungoma kwenyewe, wangeweza kutumwa vijijini na daftari: jina la chombo kwa lugha ya wenyewe, kitenzi kinachokwenda nacho, jina la fundi, na kama bado anafundisha mtu.