Swali Lililojibiwa Kabla ya Kuulizwa

Kampuni ikifungua API yake kwa watu wa nje, mara nyingi humwajiri mtu wa kuhusiana na watengenezaji programu, ikamkabidhi fulana, vibandiko na ratiba ya semina. Mwisho wa mwaka anaulizwa amesajili wangapi. Mimi ningemuuliza jambo jingine: ni kitu gani ndani ya API kimebadilika kwa sababu yake?

Stripe, kampuni ya malipo iliyofungua milango kwa umma mwaka 2011, inafaa kuchunguzwa kwa hilo. Waasisi wake, ndugu Patrick na John Collison, wakimpata mtu aliyekubali kuijaribu huduma yao, hawakumwahidi kumtumia kiungo baadaye. Walimwomba kompyuta yake, wakamuunganishia palepale. Ukikaa ubavuni mwa mtumiaji unaona anaposita, anaponakili vibaya, anapohangaika kutafuta kilichostahili kuwa ukurasa wa kwanza.

Ukiingia kwenye akaunti yako, mifano ya msimbo katika nyaraka zao inakuja na ufunguo wako wa majaribio; unanakili, unabandika, inakubali. Kadi ya majaribio ni 4242 4242 4242 4242, namba isiyosahaulika hata saa nane za usiku. Lakini ninachokipenda zaidi ni ujumbe mmoja wa kosa. Tuseme umemsajili mteja wa majaribio, kisha unamtafuta kwa ufunguo wa kazi halisi. Mfumo hauishii kusema hayupo. Unakwambia wa kufanana naye yupo upande wa majaribio, na kwamba ufunguo uliotumia ni wa upande halisi. Sentensi kama hiyo haiandikwi na mtu asiyewasikiliza waliokwama.

Hata matoleo ya API yao hutajwa kwa tarehe, na akaunti hubaki kwenye toleo lake hadi mwenyewe aamue kuhama. Linganisha na Twitter: tarehe 2 Februari 2023 ilitangaza kwamba API ya bure ingekoma tarehe 9. Siku ile ilisogezwa baadaye, lakini waliojenga kazi zao juu yake walikuwa wameshapata ujumbe.

Huku kwetu tuna Daraja, API ya Safaricom iliyozinduliwa 2017, na jina lake linasema kila kitu. Ukituma ombi la malipo kwenye simu ya mteja, jibu 1032 maana yake amelikatisha mwenyewe; 1037, hakupatikana. Kwa mashine ni malipo mawili yaliyoshindikana. Kwa mwenye duka, huyu wa kwanza huenda amebadili mawazo, na wa pili anastahili kutumiwa ombi tena baada ya dakika chache. Anayeijua tofauti hiyo ni yule anayeongea na wenye maduka kila siku, na ndiye ningemweka mezani jumbe za makosa zinapoandikwa.