Kwa Mtoto Mdogo, Anza na Mchicha

Katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule ziwe na mashamba, tena wanafunzi wayaone ni yao: washiriki kuamua kinachopandwa na mazao yatumikeje. Jembe lilifika shuleni upesi. Huko kuamua kulichelewa, na penginepo hakukufika kabisa. Waliosoma miaka ya 1970 na 1980 wanakumbuka shamba likiwa adhabu ya wachelewaji, na magunia ya mahindi yakiondoka bila mtoto kuambiwa yanakwenda wapi.

Lawama hutupiwa jembe. Mimi nalaumu zaidi uchaguzi wa zao. Mahindi huchukua miezi mitatu, minne, hata zaidi. Mtoto wa miaka sita haoni uhusiano wa punje aliyoifukia Machi na ugali wa Julai. Katikati kuna palizi, kisha likizo. Mchicha huchipua ndani ya siku chache, na baada ya wiki tatu au nne unachumwa. Muhula mmoja unatosha kupanda, kula, na kupanda tena huku makosa ya tuta la kwanza yakirekebishwa.

Kazi yenyewe ina mambo yake. Tuta liwe jembamba, kama nusu mita, ili mkono wa mtoto ufike katikati bila yeye kukanyaga udongo. Samadi iwe imeoza vizuri: mbichi huunguza miche, na vijidudu vyake havikawii kufika mdomoni kwa watoto wa umri huo. Mbegu za mchicha ni ndogo mno. Zichanganywe na mchanga mkavu, la sivyo kiganja kizima kitamwagwa mahali pamoja. Zifunikwe kwa udongo kidogo tu na nyasi kavu, na nyasi ziondolewe miche ikianza kuchomoza. Kumwagilia, kopo lililotobolewa matundu chini linafaa kuliko ndoo, ambayo husomba mbegu zote pembeni. Pandeni na kunde kando: punje yake ni kubwa, na baada ya siku chache mwalimu anaweza kuifukua moja akaonyesha mzizi.

Miche ikisongamana, ipunguzwe. Watoto huona uchungu kung'oa walichootesha, lakini miche hiyo nayo ni mboga.

Hatua inayorukwa mara nyingi ni chungu. Mchicha ukipelekwa nyumbani kwa mwalimu, tumerudi kulekule kwenye magunia. Watoto wachambue majani, wayaoshe, waone kitunguu, nyanya na tui vikiingia, kisha wale palepale.

Mwalimu mkuu mwenye eka mbili za mahindi si lazima aziache. Atenge matuta machache karibu na bomba kwa darasa la awali na la kwanza, na siku ya kupika aitangaze kabla mbegu hazijafukiwa.