Asilimia 50 Iliyonong'ona

Fundi wa nyumbani anachomeka spika ndogo kwenye Raspberry Pi, anaandika skripti fupi ya kucheza adhana, anaweka sauti nusu ili watoto wasishtuke, kisha analala. Alfajiri skripti inajiwasha kwa wakati, hakuna ujumbe wa kosa hata mmoja, na nyumba iko kimya. Anatega sikio kwenye spika: kumbe inaadhini kweli, ila kwa mnong'ono. Waya ni mzima, spika nayo ni nzima. Tatizo ni ile nusu.

Kompyuta hii ya bodi moja, iliyoanza kuuzwa Uingereza tarehe 29 Februari 2012, hutumia mfumo wa Linux, na sauti yake husimamiwa na tabaka liitwalo ALSA. Anayetaka kurekebisha sauti bila kugusa kipanya huandika amri moja:

`amixer sset PCM 50%`

Ukiisoma, inaonekana haina utata. Lakini asilimia 50 ya nini? Kiendeshi cha tundu la hedifoni kwenye bodi hizi kimepewa mawanda marefu mno, kuanzia desibeli -102.39 hadi +4. Programu ya amixer, isipoelekezwa vingine, huyakata mawanda hayo vipande 100 vilivyo sawa. Katikati yake panaangukia desibeli -49 hivi. Sasa, desibeli hazijumlishwi kama shilingi: kila zinaposhuka 20, kimo cha wimbi la sauti hubaki sehemu moja ya kumi. Kwenye -49 wimbi limebaki chini ya sehemu moja kati ya 280.

Ndiyo maana wengi hupandisha namba wakadhani mashine inawachezea. Asilimia 80 ni kama desibeli -17, asilimia 90 ni kama -6.6, na 96 ndiyo inayokaribia sifuri. Sauti inayosikika vizuri imebanwa kwenye sehemu ya tano ya mwisho. Kilichobaki chini yake ni ukimya wa viwango mbalimbali.

Dawa ni herufi moja. Alama ya `-M` huiambia amixer itumie kipimo kinachofuata namna sikio linavyosikia, kilekile kinachotumiwa na alsamixer, ile programu yenye vimeta vya rangi kwenye terminali. Hapo asilimia 50 huangukia takriban desibeli 18 chini ya kilele: sauti ya chini, lakini ya chumba chenye watu.

Kikwazo cha pili ni majina. Zamani tundu la hedifoni na HDMI vilikuwa kadi moja, na mtu alichagua njia kwa `amixer cset numid=3 1`. Mwaka 2020 vikatenganishwa vikawa kadi mbili, na skripti nyingi za zamani zikakwama. Kitasa chenyewe cha sauti kimewahi kuitwa PCM, na kimewahi kuitwa Headphone, kulingana na toleo la mfumo. Namba za kadi nazo huweza kubadilika kifaa cha USB kikichomekwa. Skripti inayodumu huitaja kadi kwa jina, na mwandishi wake huuliza kwanza kwa `amixer -c Headphones scontrols` badala ya kukisia.

Baada ya hapo, kuipandisha adhana taratibu ni kazi ya mistari michache kwenye toleo jepesi lisilo na dawati:

`amixer -q -M -c Headphones sset PCM 20%`
`aplay -q -D plughw:CARD=Headphones adhana.wav &`
`for v in 30 40 50 60; do`
`  sleep 3`
`  amixer -q -M -c Headphones sset PCM $v%`
`done`

Mpangilio wa mistari miwili ya kwanza una sababu. Sauti hushushwa kabla ya faili kuanza kuchezwa, maana jana yake skripti iliacha kitasa kwenye 60, na muadhini angeanza kwa kishindo.

Wenye dawati kamili wana njia nyingine. Tangu toleo la Bookworm la Oktoba 2023, juu ya ALSA kuna PipeWire, na amri yake ni `wpctl set-volume @DEFAULT_AUDIO_SINK@ 50%`. Kwenye terminali inatii mara moja. Ikiwekwa kwenye crontab, orodha ya kazi za kujiwasha kwa saa, mara nyingi inagoma. Cron huendesha kazi zake nje ya kikao cha mtumiaji, kwa hiyo amri haijui PipeWire iko wapi. Mstari wa `export XDG_RUNTIME_DIR=/run/user/1000`, ambapo 1000 ni namba ya mtumiaji wa kwanza, huielekeza. Raspberry Pi 5 nayo haina tundu la hedifoni kabisa, hivyo hapo spika hupitia HDMI, USB au Bluetooth.

Kabla ya kulala tena, fundi wetu anaweka 50 kwa `-M`, kisha anaandika `amixer -c Headphones sget PCM` bila alama hiyo. Jibu linasema asilimia 83, na pembeni yake desibeli -13 na kitu. Asilimia hiyo haimsumbui tena. Anasoma desibeli, anazima taa.