Rangi ya Sauti na Mpangilio wa Ala katika Ngoma ya Mganda: Tahakiki ya Malipenga ya Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Ikisiri

Tahakiki hii inachunguza namna rangi ya sauti na mpangilio wa ala vinavyoipa ngoma ya mganda tabia yake katika vilima vya Umatengo na mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Hoja kuu ni kwamba uhakiki uliopo umeusoma mganda zaidi kwa historia, vyeo na mavazi yake, ukaipa nafasi ndogo ala inayoutambulisha, yaani lipenga. Inabainishwa kuwa mlio wa lipenga ndio unaozigeuza sauti za watu wengi kuwa sauti ya kikosi kimoja, na kwamba kuubadilisha mlio huo ni kuibadilisha ngoma yenyewe.

1.0 Utangulizi

Mganda huchezwa na wanaume waliojipanga kwa safu, kwa hatua zinazokumbusha gwaride, katika nchi zinazolizunguka Ziwa Nyasa. Upande wa Malawi, jina malipenga hutumika pia kuitaja ngoma yenyewe. Upande wa Tanzania, mganda unafahamika kwa Wamatengo wa Mbinga na kwa jamii za mwambao wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga. Asili yake huhusishwa na beni, ngoma iliyoanza katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, kisha ikasambazwa bara na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwambao huu uliviona vita hivyo mapema: Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, katika bandari ya Sphinxhafen, ambayo leo ni Liuli.

Ranger (1975) ameifuatilia historia ya beni na ngoma za ukoo wake, akionyesha kuwa zilikuwa uwanja wa Waafrika kujipangia heshima, ushindani na umoja wao. Hill (2000), akiandika kuhusu Umatengo, ameuhusisha ushindani wa ngoma na usasa na uchumi. Kazi hizi ni msingi imara. Hata hivyo, msomaji anayezitegemea hujua zaidi kwa nini watu walicheza, na hujua kidogo kwa nini ngoma hiyo ililia vile ilivyolia. Pengo hilo ndilo linaloshughulikiwa hapa.

2.0 Lipenga na Sauti ya Kikosi

Lipenga ni kibuyu kilichotobolewa, chenye tundu dogo lililozibwa kwa utando mwembamba ambao mara nyingi hutokana na kifuko cha mayai ya buibui. Mchezaji hakipulizi kama apulizavyo tarumbeta. Anaimba ndani yake. Koo ndilo linaloamua kima cha sauti, utando hutetemeka na kuongeza mkwaruzo, na ukubwa wa kibuyu hukuza baadhi ya mawimbi kuliko mengine. Kwa hiyo, vibuyu vikubwa hutoa uzito na vidogo hutoa ukali, ingawa chanzo cha vyote ni koo la binadamu.

Maelezo haya yana matokeo matatu ya kihakiki. Kwanza, yanaitikisa dhana kwamba lipenga ni tarumbeta ya maskini, iliyobuniwa kwa sababu ala za shaba hazikupatikana. Baragumu ya jeshi isiyo na vali hutoa nota chache tu za mfululizo wake wa asili, na mtungaji hulazimika kubaki ndani ya nota hizo. Lipenga halina nota zake; hufuata kila mahali sauti inapoweza kwenda. Hivyo, wachezaji waliweza kutumia mlio wenye haiba ya kijeshi bila kuuacha uimbaji wao. Ukosefu wa shaba huenda ulikuwa sababu ya kuanza, lakini hautoshi kueleza kwa nini ala hiyo ilidumu.

Pili, mkwaruzo wa utando hufunika tofauti zinazomtambulisha mwimbaji mmoja mmoja. Aliye na sauti nyororo na aliye na sauti kavu huwekwa chini ya mlio mmoja. Wahakiki wamezoea kuutafuta umoja wa mganda katika sare na mpangilio wa safu. Mlio unaonyesha kuwa umoja huo husikika hata kwa aliyefumba macho. Sare huwafananisha watu kwa macho, na lipenga huwafananisha kwa masikio.

Tatu, mpangilio wa ala huacha nafasi kwa kila mlio. Ngoma kubwa hushika upande wa chini, wakati mkwaruzo wa malipenga hukaa juu yake. Kwa kuwa tabaka hizi mbili hazigombanii eneo moja la sauti, pigo la hatua hubaki wazi hata vibuyu vinapokuwa vingi. Kioda, ngoma ya wanawake ya eneo hilohilo, huegemea sauti za waimbaji zisizofunikwa na kibuyu. Tofauti ya tabia kati ya ngoma hizi mbili haiwezi kuelezwa kwa jinsia ya wachezaji pekee, bila kutaja kilichowekwa mbele ya kinywa.

3.0 Lipenga na Utanzu wa Ngomezi

Katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi, Mulokozi (1989) aliipa ngomezi nafasi ya utanzu kamili pamoja na mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi na semi. Hatua hiyo ilikuwa muhimu, kwani ilikiri kuwa ala inaweza kubeba fasihi. Lakini ala inakubalika katika ngomezi kwa kuwa inawakilisha usemi: pigo lina ujumbe unaoweza kurudishwa katika maneno. Lipenga linaelekea upande wa pili. Linaanza na sauti ya binadamu, kisha linayafifiza maneno mpaka libaki lahani. Msikilizaji anayeujua wimbo huyakumbuka maneno. Asiyeujua husikia mlio tu. Kwa namna hiyo, lipenga hutenganisha wenyeji na wageni, na mtafiti anayenukuu maneno peke yake huondoka na sehemu ya ngoma ambayo wachezaji wenyewe wameamua kuifunika.

4.0 Mipaka ya Hoja

Ingekuwa kosa kudai kuwa rangi ya sauti hubeba maana peke yake. Huko Marekani na Ulaya, ala ndogo ya utando iitwayo kazoo hufanya kazi kwa kanuni ileile, lakini huhesabiwa kuwa kichezeo cha watoto. Kama mlio ungetosha, lipenga nalo lingechekesha. Heshima ya lipenga hutokana na wingi wa vibuyu, ngoma kubwa iliyo chini yake, mwendo wa taratibu na ushindani unaosubiri hukumu ya watazamaji. Kwa hiyo, kauli sahihi ni finyu zaidi: mlio huweka mipaka ya tabia ambazo ngoma inaweza kuwa nazo, na muktadha huchagua mojawapo.

5.0 Hitimisho

Hoja hii ina uzito nje ya darasa. Mwaka 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliufungulia muziki wa jadi na ala zake mlango wa ibada, na mwaka huohuo Padri Stephen Mbunga alichapisha Church Law and Bantu Music. Leo kwaya nyingi za Tanzania hupata mlio wa ngoma kwa kubonyeza kitufe cha kinanda cha umeme. Kinanda hicho kinaweza kutoa lahani ya mganda na mapigo yake bila kosa. Kisichoweza kutoa ni tendo la watu wengi kuzificha sauti zao ndani ya sauti moja, kwa kuwa mpigaji wake ni mmoja.

Kutokana na hayo, tahakiki hii inapendekeza kuwa kila uwekaji kumbukumbu wa mganda ujumuishe ukubwa wa vibuyu, idadi yake, aina ya utando na mpangilio wa wapigaji, sambamba na maneno ya nyimbo. Maneno yaliyonukuliwa bila taarifa hizo yatabaki kuwa mashairi mazuri, ila hayatamwezesha msomaji wa baadaye kujua mganda ulikuwa unasikikaje.