Krispi ya Vinyomoro: Sukari Ikipungua, Maji Yanabaki

Krispi ni matunda chini, unga uliosuguliwa kwa mafuta juu, kisha moto mpaka tabaka la juu likauke na kuvunjika kwa mlio. Mapishi yake ya matofaa yalichapishwa Marekani mwaka 1924. Kanzenze, kwenye miinuko ya Rubavu nchini Rwanda, tunda linalofaa zaidi ni kinyomoro, ambacho Watanzania hukiita gogwe: kichachu, chekundu, chenye pektini ya kutosha kuufanya mchuzi uwe mzito.

Anayetaka kitamu chenye afya hupunguza sukari, akaweka ulezi na oti badala ya unga mweupe, halafu akashangaa juu pamelowa. Sukari haikuwekwa kwa utamu tu. Kwenye tabaka la juu huyeyuka motoni, na ikipoa huzigandisha chembe za unga pamoja. Chini huyashika maji ya tunda. Asali haizibi pengo hilo, kwani fruktozi yake huvuta unyevu na hubadilika rangi mapema. Wala kiafya haina msamaha: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unaihesabu miongoni mwa sukari zinazopaswa kubaki chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku. Afadhali ndizi mbivu zilizopondwa, ambazo hupoza uchachu na kuja na nyuzinyuzi zake.

Kisha kuna mwinuko. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya bahari, ambako maji huchemka karibu nyuzi 95. Kanzenze iko juu zaidi, na maji yake huchemka kwa joto dogo zaidi. Tunda lililozama katika maji yake halipiti joto hilo, hivyo hulainika polepole huku juu pakikauka upesi. Kwa hiyo matunda yatangulie sufuriani: mwagia vinyomoro maji ya moto, vua ganda lake chungu, kata, chemsha bila mfuniko mpaka maji yapungue. Yakikaidi, kijiko cha unga wa muhogo uliokorogwa kwa maji baridi kinatosha. Wanga wake huvimba chini ya nyuzi 80, kwa hiyo mwinuko hauuzuii.

Kwa tabaka la juu, ulezi kukosa gluteni ni faida, maana hapa hatutaki unga unaovutika. Karanga zilizopondwa nusunusu huongeza mvunjiko. Samli ninaipendelea kuliko siagi, kwa kuwa siagi ina maji asilimia 16 hivi, ingawa kalori za samli si haba. Sukari kidogo iliyobaki inyunyize juu kabisa, si kwenye matunda.

Wasio na oveni huweka makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini. Ila mfuniko hufungia mvuke, na mvuke ndio adui. Mimi ningeukaanga mchanganyiko wa juu peke yake kwenye kikaango kikavu, niumwage juu ya matunda wakati wa kupakua. Wapenda kanuni watasema hiyo si krispi. Waendelee kusema, wakila iliyolowa.