Hekaya Ndani ya Sharti: Jinsi Karata za Arabian Nights Zilivyotungwa

Ikiwa kuna watu mjini Kigali wenye haki ya kulihukumu toleo la karata liitwalo Arabian Nights, basi ni wakazi wa Biryogo, mtaa wa Waswahili, ambao lugha yao na dini yao ziliingia mjini pamoja na askari na wachuuzi wa pwani tangu enzi ya Wajerumani, muda si mrefu baada ya Richard Kandt kuuasisi mji huo mwaka 1907, na ambao hawahitaji kuelezwa Sindbad alikuwa nani wala kwa nini majini walimtii Nabii Suleiman. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani, waliozipandisha bei karata hizi hata zikawa mali ya kufungiwa kabatini, wamezipima kwa uhaba wake na kwa nguvu zake mchezoni. Mimi nakusudia kuzipima kwa hekaya zake, kwa maana humo ndimo ulimo ustadi wa aliyezitunga.

Mchezo wenyewe, Magic: The Gathering, ulitolewa Agosti 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast ya Marekani, nao ulibuniwa na mwanahisabati Richard Garfield kwa shauri moja geni, kwamba kila karata ibebe sharti lake yenyewe, lililoandikwa chini ya picha, na kila mchezaji ajichagulie karata za kuunda fungu lake. Huanza na uhai wa pointi 20, hulipia viumbe na sihiri zake kwa karata za ardhi, na uhai ukimwishia ameshindwa. Arabian Nights lilifuata Desemba ya mwaka uleule, likiwa na karata za namna 78, zilizopigwa chapa na Carta Mundi katika mji wa Turnhout, Ubelgiji. Garfield, ambaye aliamshwa na toleo la 50 la katuni za The Sandman lenye kisa cha Harun al-Rashid na Baghdad yake, alikusudia kuzipa migongo ya rangi nyingine. Kazi ilipokaribia mtamboni shauri hilo likaachwa, nazo zikabaki kutambulika kwa alama ndogo ya kitara upande wa mbele. Ilikuwa heri, maana lau migongo ingalitofautiana, hasimu angalijua karata inayokuja kabla haijafunuliwa.

Mtungaji wa kawaida angaliandika jina la Sindbad juu ya picha ya jahazi, akampa nguvu kidogo na kinga kidogo, akaridhika. Sindbad wa Garfield ni kiumbe dhaifu, nguvu moja na kinga moja, walakini akitumwa humvutia bwana wake karata moja na kuionyesha bayana: ikiwa ni ardhi hubaki mkononi, na ikiwa si ardhi hutupwa. Msomaji na atafakari jinsi baharia aitafutaye nchi kavu, na akiikosa mali yake huzama, alivyotiwa mzima ndani ya sharti lisilozidi mistari miwili. Kadhalika yule shaibu wa baharini aliyempanda Sindbad mabegani akakataa kushuka: karata yake, Old Man of the Sea, humteka kiumbe wa hasimu asiyemzidi nguvu, na humshika kwa muda wote yeye mwenyewe anapobaki amelazwa ubavu; siku mateka akimzidi nguvu, huponyoka, kama Sindbad alivyoponyoka shaibu alipolegezwa na mvinyo.

Kilele cha ustadi, hata hivyo, ni Shahrazad, iliyochorwa na Kaja Foglio. Anayeitupa huwalazimisha wachezaji wote wawili wauache katikati mchezo walio nao, waanze mwingine kwa karata zilizosalia katika mafungu yao, na asiyeushinda huo mdogo hurudi katika ule mkubwa akiwa amepoteza nusu ya uhai wake. Na ndani ya mchezo mdogo ikitupwa Shahrazad ya pili, hufunguka wa tatu, ilhali ile miwili ya juu imesimama ikingoja. Msimulizi wa asili aliahirisha kifo chake kwa kufungua kisa ndani ya kisa, na mchezaji aliyekaribia kushindwa huahirisha kushindwa kwake kwa hila ileile. Sijaona katika karata nyingine yoyote umbo la hekaya likigeuzwa kuwa umbo la mchezo kwa ukamilifu namna hii. Wasimamizi wa mashindano hawakuipenda, kwa kuwa inakula saa, na tangu mwaka 2007 imekatazwa katika mashindano rasmi. Barazani Biryogo, ambako mchezo wa jioni hauna mwenye kushika saa, haingekuwa na lawama.

Mintarafu ya majini, mtungaji alishika kanuni ambayo mtu wa pwani huijua bila ya kufundishwa, kwamba jini wa kufugwa hakosi kudai haki yake. Juzám Djinn, mwenye nguvu 5 na kinga 5 kwa gharama ya 4 tu, humla bwana wake pointi moja ya uhai kila zamu. Erhnam Djinn humfungulia hasimu njia ya msituni. Ile Bottle of Suleiman ikifunguliwa hurushwa sarafu: bahati ikisimama hutoka jini arukaye, tayari kutumika, isiposimama mwenye chupa hupigwa pointi 5, kama yule mvuvi aliyevunja muhuri asijue ndani mna rehema au mauti. Dhidi ya hao wote amewekwa King Suleiman, nguvu moja na kinga moja, ambaye humwangamiza jini au afriti amtakaye. Udhaifu huo wa mwili umewekwa kwa akili, kwani mamlaka ya Suleiman hayakuwa ya misuli.

Si kila karata ilifaulu. Taa ya Aladdin, iliyomfikia kijana fukara bila ya senti, hapa inadai gharama ya 10, hata mtu huweza kumaliza mchezo hajaiwasha. Na karata ya Jihad, ambayo kampuni yenyewe iliiondoa Juni 2020 pamoja na nyingine sita kwa kuwadhalilisha watu, ilikuwa na aibu ya pili: haina kisa nyuma yake, imechukua neno la dini na kulifanya kiongezeo cha nguvu za vitani.

Juzám, kwa nguvu zake na kwa picha ya Mark Tedin, bado ni miongoni mwa zinazogombewa mno, ingawa hana kisa anachokisimulia. Yeye na Shahrazad wote wamo katika orodha ya karata ambazo kampuni iliahidi, tangu 1996, kutozichapa tena. Kwa hukumu yangu Shahrazad ndiyo ya kwanza, Sindbad humfuata kwa karibu, na Juzám waachiwe wenye fedha.