Wekundu wa Datsun

Juu ya kabati la nguo chumbani mwetu pana beseni la kufulia lililofudikizwa, na ndani yake mna gari. Tuseme ganda la gari: bodi ya Datsun 240Z, urefu wake sentimita 17, nyekundu, imekalia chupa tupu ya dawa ya kikohozi. Leo ni siku ya nne. Beseni ni kinga ya vumbi na kabati ni kinga ya mikono, maana nyumba hii ina wajukuu wawili na paka mmoja, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua maana ya "usiguse, mbichi".

Mpwa wangu anayefanya kazi Doha ndiye aliyeniletea boksi la gari hili, akalificha katikati ya mashati ili lisipondeke. Limetoka kwa Hasegawa, kampuni ya mkoa wa Shizuoka, Japani, mkoa uleule wa mwenzake Tamiya; Tamiya ndiyo iliyoanza mwaka 1946 kwa kuuza mbao na kufikia 1960 ikawa imeingia kwenye plastiki. Ndani mna vipande vimeshikamana kwenye fremu zake kama ndizi kwenye mkungu, karatasi ya stika za kuloweka majini, matairi manne ya mpira, na harufu ile ambayo kwangu ni sikukuu. Sikuvikata siku hiyo. Nilivitazama tu, nikalifunga boksi, nikalifungua tena. Wanaopenda kazi hii wanaijua ada hiyo, na wanaujua ugonjwa wake pia: mimi nina maboksi sita ambayo hayajaguswa, na bado nilimwagiza la saba.

Rangi hakuja nayo. Mikebe ya kupuliza haipandi ndege, iwe mkononi au kwenye sanduku. Basi rangi zangu nanunua pale wanaponunua mafundi wa magari ya kweli, kwenye duka ambalo kijana wa kaunta anataka kujua kwanza kama nataka NC, ile ya selulosi, au 2K, ile ya kuchanganya na kigumishi, halafu aniulize ni lita ngapi. Nikimwambia robo lita, ananitazama kwa huruma. Safari hii nilitoka na robo ya nyekundu, thina, na karatasi tatu za msasa wa maji namba 2000. Ndiyo manunuzi yangu ya mwezi, ukiacha taa ya mezani yenye lenzi, ambayo mke wangu anasema ni ya uzee na mimi nasema ni ya kazi.

Nyekundu ile nilikuwa naitaka kwa miaka. Gari lenyewe, namba 11, lilishinda Safari Rally ya 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, pembeni yake Hans Schüller. La pili nyuma yao lilikuwa Datsun kama hilo, la Shekhar Mehta, na mwaka 1973 Mehta akalichukua kombe mwenyewe. Mimi sikuziona Datsun hizo zikikimbia. Nilizikuta Toyota Celica za miaka ya 1980, nikiwa mtoto kando ya barabara ya murram huko Mwatate, mkononi gari langu la waya lenye magurudumu ya ndara iliyokatwa. Unasikia mngurumo kabla hujaona kitu, kisha vumbi linasimama juu ya mikonge, kisha kitu kinapita na mzazi anakuvuta kwa ukosi wa shati. Kinachobaki machoni ni rangi, si umbo.

Na rangi ndiyo inayowashinda wengi. Kubandika vipande ni subira ya kawaida. Mtu yeyote mwenye wembe mkali na mkono usiotetemeka ataunganisha injini. Lakini fikiria hesabu hii. Rangi ya gari la kweli, tangu praima hadi vanishi, unene wake wote ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Paka unene huohuo kwenye gari lililopunguzwa mara 24, na ni kama umelipaka gari la kweli rangi ya zaidi ya milimita mbili. Mifereji ya milango inajaa. Kingo za taa zinakuwa mviringo kama sabuni iliyotumika. Jicho la mtazamaji halijui hesabu, lakini linajua kuwa limedanganywa, na linakiita kitu hicho cha kitoto.

Aliyenifundisha hilo ni fundi wa rangi mmoja wa Changamwe, anayepiga matatu. Nilimpelekea kazi yangu ya kwanza nikitarajia sifa. Akaiweka kiganjani, akaigeuza juani, akacheka mpaka akamwita mwenzake.

"Mzee, gari yako imevaa sweta."

Kisha akanionyesha. Mkono uanze kupuliza nje ya gari na umalize nje ya gari, usianze wala kusimama juu yake. Pigo la kwanza liwe ukungu tu, praima ionekane chini yake, uone aibu kuliita rangi. Ngoja. La pili kadhalika. La tatu ndilo lenye unyevu, linalojinyoosha lenyewe na kung'aa. Nilikuwa nimeanzia la tatu. Wakati mwingine nilimwaga NC moja kwa moja juu ya plastiki bila praima, na thina yake ikaila. Boneti ikajikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Boksi zima likaenda na maji.

Kuhusu praima, jambo dogo ambalo karatasi ya maelekezo hailitaji: nyekundu ni rangi ya kuazima. Haizibi vizuri, hivyo inachukua tabia ya kilicho chini yake. Juu ya praima ya kijivu inakuwa nzito, karibu na damu iliyokauka. Juu ya nyeupe inaamka. Safari hii niliitia praima yangu nyeupe tone moja la nyekundu, ikawa ya waridi, na kwa siku mbili nilikuwa na Datsun ya waridi iliyowachekesha wajukuu.

Hewa ya Mombasa nayo ina neno lake. Mwaka juzi nilipuliza rangi Aprili, mvua imekatika saa moja tu iliyopita. Rangi ikakaa vizuri, nikajisifu, na mbele ya macho yangu ikafanya weupe kama kioo kilichohemewa. Thina ikiruka inaondoka na joto la uso, uso unapoa, na unyevu wa hewani unatua humo kama umande. Dawa yake ni kungoja siku kavu na kuipitishia thina tupu kwa mbali, ifunguke na kujifunga upya. Tangu hapo kalenda yangu imegawanyika: bodi napiga wakati wa kaskazi, saa nne asubuhi, masika ikiingia nakaa ndani na brashi, napaka viti, dashibodi na injini.

Sasa Datsun iko kwenye pigo la tano, na siwezi kuigusa. NC inakauka juu kwa dakika chache na kukulaghai. Chini inaendelea kunywea kwa siku nyingi. Namna ya kujua ni kunusa. Kila jioni nainua beseni, nasogeza pua karibu na paa la gari, na thina ikiwepo, hata kwa mbali, narudisha beseni. Jana ilikuwepo. Kuna mbu mmoja amekwama nyuma ya mlango wa kulia. Nimemwacha. Ukimng'oa rangi ikiwa mbichi anaondoka na shimo; ikikauka, msasa na maji vitamfuta pamoja na ule uso wenye vishimo kama ganda la chungwa, mradi niziepuke kingo, kwa kuwa kingoni ndiko rangi inakoishia haraka.

Baadaye itakuja boneti, nyeusi isiyong'aa, kama ya gari lenyewe, jua lisimrudie dereva machoni. Kazi hiyo ni ya tepu ya karatasi na nusu saa, haina makuu.

Ninaloliwazia zaidi limo kwenye chupa ya jamu dirishani: udongo wa Mwatate, niliouchota mwenyewe mwezi Desemba, nikaukausha, nikauchekecha kwa leso mara tatu mpaka ukawa laini kuliko poda. Zamani Safari ilifanyika wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimeanza, na hakuna Datsun iliyomaliza ikiwa safi. Tope lina utaratibu wake. Linaanzia nyuma ya magurudumu na kupanda, kisha kuchuruzika. Nyuma ya gari lenye mgongo wa kuteremka hewa hujizungusha na kulirudisha vumbi, hivyo kioo cha nyuma huwa kipofu wakati paa bado linaonekana. Kioo cha mbele kina nusu duara mbili safi, palipopita waipa. Ukilitawanya ovyo gari linaonekana limesahaulika uani, halionekani limetoka mbio.

Mjukuu mkubwa ameniuliza kwa nini nililiosha kwa sabuni, nikalifunika kwa beseni, nikamgombeza paka, kama mwisho wake ni kulimwagia udongo. Nilimwambia ashike taa. Tulikuwa tunatafuta mbu wa pili.

Kwa sasa beseni liko palepale. Nimeongeza tofali juu yake, kwa ajili ya paka.